Ngumbaru ni ya nani hasa?

Juma lililopita mama mmoja wa Mtongwe alinisimamisha pale kivukoni Likoni, watu wakimiminika kutoka ferini kama siafu. Akanivuta kando, akatazama huku na huku kuhakikisha shoga zake hawasikii, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wewe unayeandika gazetini, hebu niambie. Mimi nilifika darasa la tatu nikaachishwa. Naruhusiwa kuingia ngumbaru, au ile ni ya wale wasiojua kitu kabisa?"

Ndugu msomaji, nimeulizwa mengi tangu nianze kuandika ukurasa huu, lakini swali hili limenikaa moyoni. Tumezoea kusema kwamba watu wazima wasiokwenda kusoma ni wavivu, au wanaona haya, au hawajui faida ya elimu. Mama huyu si mvivu, maana alikuwa amebeba ndoo mbili za samaki saa kumi na mbili asubuhi. Faida ya elimu anaijua, ndiyo maana ameuliza. Kinachomzuia ni kudhani kwamba hastahili, na anadhani hivyo kwa sababu alisoma kidogo!

Jibu langu kwake lilikuwa fupi, kwa kuwa matatu ilikuwa ikiniita. Nilimwambia anaruhusiwa, tena yeye ndiye hasa anayetakiwa. Leo nina nafasi, basi niliandike jibu refu, kwani najua wako wengi kama yeye kule Shika Adabu, Bofu, Mishomoroni, Mtopanga, Chaani na Bomu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Ngumbaru, wengine husema gumbaru, ni neno lenye kejeli ndani yake. Mtoto akishindwa na hesabu, mwenzake humwambia aende ngumbaru. Mtu mzima akisoma kibao cha duka polepole, utasikia kicheko na neno hilo hilo. Serikali hailitumii katika vitabu vyake. Yenyewe husema Elimu ya Watu Wazima na Elimu Endelevu, na idara inayoishughulikia imehamishwa kutoka wizara hii hadi ile mara kadhaa, lakini sasa iko chini ya Wizara ya Elimu. Mimi nitalitumia lile la mitaani kwa sababu ndilo mnalolijua. Ukimwuliza mzee wa mtaa akuonyeshe kituo cha Elimu Endelevu, atakutuma kwa kinyozi.

Mpango huu si wa jana. Kenya ilipata sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka wa 1966. Mwezi Desemba 1978, miezi michache tu baada ya kushika hatamu, Rais Moi aliagiza kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchini kwa muda wa miaka mitano. Mwaka uliofuata, 1979, idara maalum ikaundwa, walimu wakaajiriwa, na watu zaidi ya 400,000 wakajiandikisha nchi nzima. Waliokuwa wengi zaidi walikuwa wanawake. Wazee wetu wanakumbuka madarasa chini ya miembe, makanisani, nyuma ya misikiti na katika kumbi za ustawi wa jamii, mama na mkoba wake wa daftari, kitambaa begani.

Miaka mitano ikapita, na ujinga haukufutika. Hamasa ikapungua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini waliosalia madarasani walikuwa kama 100,000 hivi. Ndiyo sababu vijana wa leo hudhani kwamba ngumbaru ni kitu cha enzi za maziwa ya Nyayo, kitu kilichokufa na kuzikwa. La hasha. Madarasa yapo, ingawa ni machache kuliko inavyofaa, na walimu wengi wa kudumu wamestaafu bila ya nafasi zao kujazwa. Hilo ni kosa la walioko juu, na sioni haja ya kulifunika.

Sasa tuje kwenye swali. Ni nani anayestahili?

Sheria haikubana. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu. Haikusema kila mtoto, ilisema kila mtu, na mtu ni pamoja na bibi wa miaka sabini anayeuza viazi vya karai Majengo Mapya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 nayo, inapoeleza maana ya elimu ya msingi, inaitaja elimu ya msingi ya watu wazima humo humo, pamoja na ile ya chekechea. Kwa hivyo anayekwenda ngumbaru haombi hisani. Anachukua chake.

Haulizwi dini. Haulizwi kabila wala chama. Haulizwi alizaliwa Likoni au alikuja juzi kutoka Kitui kutafuta kibarua. Wala hakuna umri wa mwisho. Sote tunamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa ya bure. Alisema alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu fedha zake. Mwaka wa 2005 alifika New York kuwaambia wakubwa wa dunia habari za elimu. Alifariki Agosti 2009, akiwa bado mwanafunzi. Wengi hudhani kwamba ukitaka kusoma uzeeni ni lazima ufanye kama yeye, uketi na wajukuu na kuvaa kaptura. Hapana, bwana. Maruge alichagua njia yake. Darasa la watu wazima ni la watu wazima, na anayeketi pembeni yako ni mwenzako anayejua uchungu wa kodi ya nyumba.

Umri wa chini ndio unaotaka uangalifu. Takwimu za kisomo nchini huhesabu mtu kuanzia miaka 15, na vijana walioachia shule njiani hupokewa katika madarasa haya. Lakini hapa nataka kusema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu wa Nyali na Bamburi hawatalipenda. Ukiwa na msichana wa kazi wa miaka 13 au 14, usidhani umemfanyia wema kwa kumruhusu aende ngumbaru saa tisa alasiri baada ya kufua. Huyo ni mtoto. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 53, inampa elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mahali pake ni shuleni asubuhi pamoja na watoto wako. Ngumbaru isifanywe pazia la kufichia utumishi wa watoto.

Liko kundi jingine ambalo sisi wa Pwani tunalijua vizuri kuliko wenzetu wa bara. Ni mama aliyehitimu chuoni, anayesoma Kurani kwa tajwidi, anayeweza hata kumwandikia dadake barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini akipewa risiti ya stima anaigeuza juu chini. Je, huyu hajui kusoma? Kwa mamia ya miaka Kiswahili cha Mombasa kiliandikwa kwa herufi hizo. Mashairi ya Muyaka bin Haji tusingekuwa nayo leo kama hayangehifadhiwa kwa maandishi hayo. Mimi simwiti mama huyu mjinga, na ninamwomba mwalimu yeyote wa ngumbaru asimwite hivyo. Anajua tayari kwamba alama hubeba sauti, anajua kushika kalamu, anajua kukaa na kitabu kwa subira. Lililobaki ni kubadili alama, na mkono wake kuzoea kutoka kushoto kwenda kulia. Anastahili darasa, tena atasonga upesi kuliko anavyodhani.

Sasa turudi kwa yule aliyefika darasa la tatu, kwa maana hapa ndipo penye mfupa wa habari yenyewe.

Mwaka wa 2006 serikali ilifanya uchunguzi mkubwa wa kisomo cha watu wazima nchini, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2007. Watu walipimwa kwa majaribio, badala ya kuulizwa tu kama wanajua kusoma. Ilibainika kwamba asilimia 61.5 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika kwa kiwango cha chini kinachokubalika, na asilimia 38.5, yaani watu wapatao milioni 7.8, hawakujua. Magazeti yote yaliandika hizo milioni 7.8. Lakini ndani ya ripoti ile ile kulikuwa na tarakimu nyingine ambayo haikupigiwa kelele: waliofikia kiwango cha kuutumia usomaji vizuri katika maisha yao walikuwa asilimia 29.6 tu.

Fanya hesabu, msomaji wangu. Toa 29.6 kwenye 61.5. Unabaki na karibu asilimia 32, sawa na mtu mmoja katika kila watatu. Hawa walikuwa wanajua kusoma, lakini usomaji wao haukuwafikisha mbali. Wanaweza kuandika jina. Wanaweza kutambua neno "Kongowea" kwenye kioo cha matatu. Ukiwapa barua ya mwenye nyumba ya kurasa mbili, watakwambia wameacha miwani. Wengi wao hawawezi kujiita wasiosoma, kwa sababu walisoma, wana picha zao wakiwa na sare. Na ndio hao hao wasiofika ngumbaru, kwa kuwa wanadhani ni ya wengine. Uchunguzi ule ni wa miaka mingi sasa, lakini anayeishi Kisauni hahitaji mwingine ili amtambue jirani wa namna hii.

Madarasa yenyewe yamepangwa kwa ngazi. Yupo anayeanza na irabu na kushika penseli. Yupo anayejua kusoma lakini anataka kuzoea, huyu huingia ngazi inayofuata. Yupo anayetaka masomo ya shule ya msingi, na yupo anayelenga sekondari. Mwalimu akikupokea atakusomesha mistari kidogo, atakupa hesabu mbili tatu, ndipo ajue pa kukuweka. Hakuna anayekutaka uje mtupu.

Hapa nitoke nje ya nchi kidogo, maana wasomaji wenye ndugu London huniambia kwamba kule mtu husomeshwa bure hata akiwa na ndevu. Ni kweli, na masharti yao yana funzo. Kule Uingereza, mtu wa miaka 19 na zaidi ambaye hana cheti cha Kiingereza au cha hisabati cha kiwango cha kupita katika mtihani wa shule wanaouita GCSE, hulipiwa masomo hayo, mradi atimize masharti ya ukaazi, ambayo kwa kawaida ni kuwa ameishi huko miaka mitatu. Hata waliomaliza shule ya sekondari wamo. Mtu ameketi darasani miaka kumi na moja, hisabati zikamshinda, na serikali inamwambia arudi, ada italipwa. Mwaka wa 2021 walitenga pauni milioni 559 kwa mpango mwingine wa hesabu peke yake, ulioitwa Multiply, uliomalizika Machi 2025. Kwa hivyo nchi tajiri yenye shule kila kona inakiri wazi kwamba mtu anaweza kupita shuleni na asipate hesabu. Sisi huku bado tunachekana.

Na hesabu ndiyo inayotutafuna zaidi hapa mjini. Si hesabu ya sokoni, hiyo mama zetu wanaijua kuliko wahasibu. Katika uchunguzi ule wa 2006 walioweza hesabu walikuwa asilimia 64.5, wakawazidi kidogo wanaojua kusoma, na asiyeamini aende Kongowea alfajiri asikilize wanavyokokotoa bei ya nyanya kwa kreti bila ya karatasi. Ugumu unaanza pale hesabu inapovaa suti. Asilimia. Riba. Malipo ya kila siku.

Chukulia kijana wa Magongo anayechukua pikipiki ya mkopo. Anaambiwa atalipa shilingi 400 tu kwa siku, miezi 18. Mia nne anaijua, ni abiria wachache kutoka Changamwe hadi Mikindani. Lakini miezi 18 ni siku 540, na 400 mara 540 ni shilingi 216,000. Je, pikipiki hiyo kwa pesa taslimu dukani ingekuwa bei gani? Huenda mkopo bado ni wa maana, kwa sababu hana pesa taslimu, lakini atakuwa ameingia akiona. Mwuzaji hutaja mia nne, jumla haitaji.

Au chukulia mama aliyekopa shilingi 10,000 kwa jirani mwenye pesa, riba asilimia 10. Asilimia 10 inasikika kama kitu kidogo, elfu moja. Lakini ni 10 kwa mwezi. Akilipa riba peke yake mwaka mzima bila kugusa mkopo wenyewe, atakuwa ametoa 12,000 na bado anadaiwa 10,000. Nimeona vikundi vya akina mama vikivunjika na mashoga wa miaka ishirini wakinuniana kwa hesabu kama hii, kila mmoja akidhani mwenzake mwizi, kumbe hakuna mwizi. Hakuna aliyeandika, na aliyeandika hakuna wa kumsahihisha.

Kuna na simu. M-PESA ilianza Machi 2007, na tangu hapo kila mtu, asome asisome, ana benki mkononi. Asiyejua kusoma hufanyaje? Humpa mjukuu. Mjukuu anaijua namba ya siri, rafiki wa mjukuu anaijua, na mtoto wa dukani anaijua kwa sababu ndiye aliyeiandika mara ya kwanza. Pesa zikipungua nani ataulizwa? Ulipofika Oktoba 2024, tukaambiwa tujisajili kwa bima mpya ya afya ya SHA kwa simu, na mpango huo huwauliza wasio na mshahara maswali juu ya maisha yao ili wapangiwe cha kulipa. Bibi zetu wengi walijibiwa maswali hayo na vijana wa mtaani, hawajui hadi leo kilichoandikwa kwa jina lao.

Na kura pia. Kanuni za uchaguzi humruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma asaidiwe na mtu anayemwamini, na msaidizi huyo hula kiapo. Ni kanuni ya busara. Lakini mtu ambaye kura yake ni lazima aione mwingine hana siri, na katika mitaa yetu ambapo nyumba kwa nyumba watu wanajuana, hilo si jambo dogo.

Basi mpango ni wa bure? Hapa niseme wazi ili mtu asije kunilaumu. Katika kituo cha serikali, mwalimu wa kudumu hulipwa mshahara na serikali, kwa hivyo hakuna karo ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu wengine ni wa muda, hao hupewa posho ndogo tu, na wengine wanalipwa na kikundi chenyewe au na kanisa, msikiti au shirika. Daftari na kalamu ni zako. Nauli ni yako. Ukiulizwa ada kubwa ya kujiandikisha kujifunza a, e, i, o, u katika kituo kinachoitwa cha serikali, uliza risiti, kisha nenda kwenye ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo yako uulize mara ya pili.

Mambo hubadilika ukifika kwenye mitihani. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia ada ya mtihani, na hapo ndipo karatasi zinapodaiwa, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa. Asiye navyo aanze kuvitafuta siku ile ile anayoanza darasa, asingoje mwaka wa mtihani. Na kuna tahadhari nyingine. Shule zetu zilifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 kwa sababu ya mtaala mpya, na KCSE nayo imepangiwa kufika kikomo mwaka wa 2027. Mtu mzima aliyekuwa akilenga vyeti hivi aulize ofisini njia yake ni ipi sasa kabla ya kumpa mtu yeyote pesa. Wajanja hupenda sana majira kama haya, wakati mlango mmoja unafungwa na mwingine haujazoeleka.

Wafungwa pia wanastahili, na sijui kwa nini baadhi ya watu hukasirika nikisema hivyo. Pale Shimo la Tewa, Shanzu, watu wamesoma wakiwa kifungoni na kufanya mitihani ya taifa. Mtu akitoka akiwa anajua kusoma mkataba, ni nafuu kwetu sote tutakaoishi naye.

Nani basi asiyefika, ikiwa mlango haukufungwa? Wanaume. Tangu 1979 hadi leo, ukitazama ndani ya darasa la ngumbaru utaona leso na mabuibui na vitambaa vya kichwani, na mwanamume mmoja kule nyuma aliyekaa karibu na mlango. Mwanamume wa Changamwe yuko radhi kubeba magunia bandarini hadi mgongo upinde kuliko kuonekana na daftari na mke wa jirani yake. Wapo waliofanya kazi miaka thelathini wakisaini mishahara kwa kidole gumba, wakawaficha hata watoto wao. Sina dawa ya haya hiyo, ila najua kwamba darasa la wanaume watupu, jioni baada ya swala au baada ya ibada, limewafaa walioona aibu ya kuchanganyika. Hakuna sheria inayokataza.

Kikwazo kingine ni saa, na hiki nakichukulia kwa uzito zaidi kuliko aibu. Vituo vingi husomesha alasiri, saa mbili hivi, mara chache kwa juma. Ratiba hiyo ilimfaa mke wa mkulima aliyemaliza shamba asubuhi. Haimfai mtu wa bandarini anayeingia zamu ya usiku, wala msichana wa kiwanda cha nguo cha EPZ anayetoka jua limezama, wala mhudumu wa hoteli ya Bamburi msimu wa wageni, wala mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani na kuila saa nzima kwenye foleni ya feri. Hawa wote wanastahili kwa sheria, lakini ratiba imewafungia nje.

Jirani zetu wa Tanzania walikutana na hili mapema. Walipoufanya mwaka wa 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, walipeleka kisomo viwandani na mashambani, mtu asomee pale anapofanya kazi, tena kwa Kiswahili. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka wa 1967, na kufikia 1975 wakawa 39. Siwezi kusema kila kitu chao kilifaulu, lakini hilo la kumfuata mfanyakazi alipo lilikuwa la akili. Kampuni kubwa za Changamwe na Miritini zina kantini zilizo tupu baada ya chakula cha mchana. Meza zipo, taa zipo, feni zinazunguka.

Kwa sasa, anayetaka afanye hivi. Aende kwa chifu au naibu wake aulize kituo kilicho karibu na anayekisimamia, au aende moja kwa moja kwenye ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe. Akikuta kituo kiko mbali au saa hazimfai, asirudi nyumbani kulala. Awatafute wenzake walio katika hali hiyo hiyo, waandike majina, wataje saa wanazoweza na mahali watakapokutania, chumba cha madrasa, kanisa, ukumbi au hata baraza ya mtu, kisha wapeleke orodha hiyo ofisini waombe mwalimu. Kikundi chenye majina na mahali husikilizwa kuliko mtu mmoja mlangoni. Asiyeweza kuandika orodha amwombe kijana wa kidato cha nne amwandikie. Na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mkiwa likizoni, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Yule mama wa samaki sikumwuliza jina. Akiwa amepata mtu wa kumsomea haya, ajue kwamba aulize ngazi ya pili, asikubali kuanzishwa kwenye irabu.